Fremu ya resi ya zamani: ufunge spea za enzi zake, uchanganye na za kisasa, au uache gia moja?

Kama una fremu ya chuma ya baiskeli ya resi, imening'inia ukutani au imelala chini ya kitanda, na kila ukitaka kuijenga unakwama kwenye lile swali la sasa nifunge nini, basi hii ni yako. Mimi nimejenga mbili kwa mkono wangu hapa Arusha, Peugeot moja ya miaka ya 70 na fremu moja ya Kijapani ya miaka ya 80 iliyoshuka na kontena la mtumba, na ya tatu nilimsaidia mdogo wangu Dar akaifanya gia moja. Zote tatu zinatembea mpaka leo, na hakuna hata moja ambayo ningeifunga kama nilivyofunga mwenzake.

Njia zipo nyingi lakini ukizichuja zinabaki tatu.

Enzi zake, yaani unafunga spea za miaka ileile fremu ilipotengenezwa: friwili (sproketi za nyuma zinazofungwa kwenye habu kwa thredi) ya gia 5 au 6, shifta (vibadili gia) mbili kwenye bomba la chini zisizo na kliki, yaani unasogeza mpaka gia ishike, breki za zamani, leva ambazo waya wake unachomoza juu kama pembe. Hapa ndo unakutana na majina ya Campagnolo, SunTour, Shimano 600, Stronglight, Weinmann, Mafac.

Mchanganyiko, fremu ya zamani lakini ringi, gia na breki ni za kisasa, mara nyingi gia 8 au 9 za Shimano kama Claris au Sora, na shifta ziko humohumo ndani ya leva ya breki.

Gia moja, sproketi moja mbele, moja nyuma, hakuna direila (kile kinachohamisha cheni), hakuna shifta, unakanyaga tu.

Nitazipima zote kwa vitu vilevile: zinaingiaje kwenye fremu, ringi na tairi, milima, breki, spea zinazoisha utazipata wapi, halafu pesa na kazi ya fundi. Sura ya baiskeli nimeiweka mwishoni, sio kwamba haina maana, ina maana sana, ila ukianza nayo itakudanganya.

Kwanza pima fremu, usinunue hata nati

Kosa linalotugharimu wengi ni kununua kitu kizuri kwanza, krenki inang'aa, bei imekaa vizuri, unafika nayo nyumbani ndo unagundua haiingii. Kwahiyo chukua vania (kipimo cha milimita), kama huna hata rula ya chuma, kaa na fremu nusu saa.

Anza na upana wa nyuma, pale midomo miwili inaposhika ekseli ya tairi. Ukikuta 120 mm hiyo ilizaliwa na friwili ya gia 5, ukikuta 126 mm ni ya gia 6 au 7, ukikuta 130 mm hiyo inapokea gia 8 na kuendelea bila ugomvi. Fremu ya chuma inaweza kutanuliwa, 126 kwenda 130 ni mm 2 tu kila upande na fundi anayejua anaifanya kwa ubao na uzi wa kupimia katikati, alafu ananyoosha midomo iwe sambamba tena. 120 kwenda 130 inawezekana pia ila hapo unaiomba fremu kitu kikubwa zaidi, usimpe mtu wa kujaribu. Na tafadhali hakikisha ni chuma kweli, weka sumaku, maana kuna fremu za zamani za aluminiamu iliyogundishwa kwa gundi kama Vitus 979 na hizo hazitanuliwi kabisa, ukilazimisha unaachanisha maungio.

Kinachofuata ni thredi za pale katikati krenki zinapopita, na hapa ndo nchi iliyotengeneza fremu inaongea. Za Kiingereza na za Kijapani ni inchi 1.37 kwa thredi 24 kila inchi, kiganda (bomba fupi linaloshika vikombe vya krenki) kina upana wa 68 mm, na kikombe cha upande wa cheni thredi zake ni za kinyume, yaani unakifungua kwa kuzungusha kule unakodhani unakaza. Za Kiitaliano ni 36 mm, kiganda 70 mm, pande zote thredi za kawaida, na kikombe chake cha kulia kina tabia ya kujilegeza chenyewe kisipokazwa kwa nguvu. Za Kifaransa ni 35 mm kwa 1 mm, pande zote za kawaida pia. Peugeot yangu ilikuwa hiyo, na mtu alishaanza kukifungua kikombe cha kulia kama vile ni Mwingereza, akawa anakaza badala ya kufungua, ilinichukua siku tatu na mafuta ya kulegezea mpaka kikaachia.

Wenye Raleigh nanyi msijione mmesalimika. Kiwanda cha Nottingham kilikuwa na thredi zake chenyewe za 26 kwenye baiskeli nyingi za kawaida, wakati zile za resi zenye stika ya Reynolds 531 (mabomba ya chuma ya daraja la juu) kwa kawaida ni 24 kama Waingereza wengine. Ni jina moja, stika ya mbele ni ileile, vikombe tofauti.

Mfaransa ana mengine: shina la usukani wake ni 22.0 mm wakati wengine ni 22.2, pedeli zake ni 14 mm badala ya inchi 9/16, na friwili yake ni 34.7 mm ambayo inakaribiana na ya Kiingereza kiasi cha kuingia mizunguko miwili alafu inakula habu yako. Bomba la kiti nalo pima, fremu nzuri nyingi ni 27.2 mm, za bei ya chini na za Kifaransa zinashuka mpaka 26 na pointi, na tofauti ya 0.2 tu inatosha kiti kiwe kinazama ukikanyaga au kikwame milele.

Sasa, njia zenyewe. Enzi zake kwa kawaida inaingia bila kuigusa fremu kwa sababu ndo ilikokuwa, ila kwa Mfaransa ina maana uwinde spea za Kifaransa. Mchanganyiko kwenye fremu ya Kijapani ni raha, kwenye ya Kiingereza ni sawa, kwenye ya Kifaransa utahitaji katriji za katikati (ekseli ya krenki na beringi zake kwa pamoja) zile zinazojibana zenyewe bila kutegemea thredi, zipo lakini utaagiza. Gia moja ndo isiyo na makuu kuliko zote: ukiwa na midomo ya nyuma iliyolala, inayoruhusu tairi kusogea mbele na nyuma kukaza cheni, umemaliza. Ikiwa midomo imesimama wima basi gia moja itakusumbua, cheni italegea na hamna pa kuivutia.

Ringi na tairi, hapa ndo baiskeli inaamuliwa

Kama ningeambiwa niongee kitu kimoja tu kwenye mada hii yote ningeongea ringi, kwa sababu ukishachagua ringi umeshachagua gia, breki na tairi bila kujijua.

Resi nyingi za zamani za kuuzwa kwa watu wa kawaida zilikuja na ringi za 27, ambazo kipenyo chake cha kukalia tairi ni 630 mm. Za kisasa ni 700C, 622 mm. Alafu kuna hii 28 yetu tunayoijua kwenye baiskeli za kubebea mkaa na maji, ile 28 x 1½, hiyo ni 635. Namba tatu tofauti na kwenye duka zinaitwa kwa majina yanayochanganyana, kwa sababu Wazungu wengine 700C nayo wanaiita 28. Mimi nilishauziwa tairi ya 28 kwa ajili ya ringi za 700C, muuzaji ananiapia ishirini na nane ni ishirini na nane, nikafika nyumbani tairi inacheza kwenye ringi kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Tangu siku hiyo sinunui tairi bila kusoma ile namba ndogo ya pembeni, 622, 630 au 635, na wewe fanya hivyo.

Ukienda enzi zake ukabaki na 27, fremu inakaa vizuri, breki zinafika, lakini tairi za 630 huku kwetu ni za kuagiza au za kubahatisha mtumba, kwahiyo ukizipata chukua mbili za akiba uziweke mbali na jua. Kama ringi zenyewe ni za chuma kilichopakwa kromu, ziache hata kama zinang'aa. Breki kwenye ringi ya chuma ikilowa ni kama hamna, unabana unahesabu moja mpaka tano ndo inaanza kusikia. Ringi ya aluminiamu ya enzi hizohizo inabadilisha baiskeli nzima na bado uko ndani ya enzi zake.

Mchanganyiko unaleta 700C, tairi zake ni rahisi kupata, hata kwenye mitumba ya baiskeli za mjini za Ulaya zipo. Tatizo ni mawili. Ringi ni ndogo kwa 4 mm upande mmoja, kwahiyo breki lazima ishuke zaidi. Na habu za baiskeli hizo za mjini mara nyingi ni 135 mm, sio 130. Unaweza kutoa spesa za mm 5 upande usio wa cheni, ukakata ekseli na kuivuta ringi kwa spoki irudi katikati, nimefanya hivyo na imekaa miaka, ila umpe fundi anayejua kunyoosha ringi sio anayejua kuziba pancha tu.

Kuna faida nyingine ya habu ya kaseti, ambako sproketi zinachomekwa kwenye habu badala ya kufungwa kwa thredi kama friwili, ambayo watu hawaisemi. Kwenye habu ya friwili beringi ya kulia iko ndani mbali, ekseli inabaki inaning'inia, na kwa mtu mzito kwenye barabara zenye mashimo ekseli hupinda au hukatika, hasa friwili ya gia 7. Kwenye kaseti beringi imesogezwa nje karibu na mdomo wa fremu. Ukiwa na kilo 90 na unapita barabara ya vumbi kila siku, hii peke yake inaweza kukuamulia.

Gia moja inakupa uhuru, ringi yoyote yenye habu ya thredi itakubali, kwa sababu friwili ya gia moja inatumia thredi zilezile za inchi 1.37 kwa 24. Habu zake nyingi ni 120 mm, kwenye fremu ya 126 unaweka washa za mm 3 kila upande. Na kwa kuwa sproketi ni moja, ringi inaweza kuvutwa sawa pande zote, spoki zinabeba mzigo kwa usawa, ndo maana ringi ya gia moja haipindi ovyo.

Milima

Baiskeli za resi za zamani zilijengwa na sproketi za mbele 52 na 42, nyuma friwili ya 14 mpaka 24 au 28 ukibahatika. Kwa 42 mbele na 24 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja unasogea kama mita 3.7. Kaseti ya 32 na krenki ya kisasa ya 34, mzunguko mmoja unasogea kama mita 2.2. Sasa chukua hesabu hiyo uende nayo Mombo kupanda Lushoto, au Himo kwenda Marangu, utaelewa ninachosema kabla hata hujafika robo. Mchanganyiko kwenye milima una nafasi kubwa sana, sitazunguka hapo.

Lakini enzi zake nayo ina akili zake. SunTour ndo waliobuni mwaka 1964 ile direila ya nyuma yenye mkono uliolala, inayofuata umbo la friwili inaposhuka na kupanda, na wengine walikuja kuiga hatimiliki yao ilipoisha miaka ya 80. Ndo maana direila ya SunTour ya bei ya kawaida inabadilisha gia vizuri kuliko Campagnolo Nuovo Record ya 1967 ambayo watu wanaiabudu. Nuovo Record ni nzuri kuishika mkononi, imetengenezwa kudumu, ila haipendi friwili yenye meno makubwa, na krenki zake za enzi hizo hazibebi sproketi ndogo ya chini ya meno 41. Simplex zile za plastiki za Kifaransa mimi naziogopa, plastiki yake ikizeeka inapasuka, na ikipasuka mlimani direila inaingia kwenye spoki. Kwahiyo kama unaishi kwenye milima na roho yako iko kwenye enzi zake, funga SunTour au Shimano 600 yenye mkono mrefu, friwili ya 14 mpaka 28 au zaidi, na krenki ya Stronglight inayoruhusu sproketi ya 38 mbele. Utapanda, taratibu lakini utapanda.

Shifta zisizo na kliki zinahitaji mkono uzoee, wiki mbili hivi. Baadae unakuwa unasikia gia kwa sikio na kidole, na ina uzuri kwamba haijali direila ni ya nani wala friwili ina gia ngapi, inavuta waya tu. Kliki za Shimano tunazozijua leo zilianza na Dura-Ace, spea zao za daraja la juu, ya 1984, na shifta za ndani ya leva zilikuja 1990, Campagnolo wakafuata 1992, kwahiyo hata kliki zenyewe kwa fremu ya mwishoni mwa miaka ya 80 ni enzi zake halali kabisa.

Gia moja kwenye milima ni kazi ya miguu. Mdogo wangu ana 42 kwa 17, kama mita 5.2 kwa mzunguko, kwa Dar iko sawa kabisa, daraja la Kigamboni ndo mlima wake. Angeileta huku Arusha akapanda nayo kuelekea Sakina kila jioni angeniomba tumtafutie direila.

Breki

Kinachoamua hapa ni urefu wa mkono wa breki. Pima kutoka tundu la breki kwenye fremu mpaka katikati ya pale pedi inapogusa ringi. Breki nyingi za kisasa za resi ni za 39 mpaka 49 mm, na fremu za zamani hasa ukishazitoa kwenye 27 ukaweka 700C zinataka zaidi, kwahiyo tafuta za 47 mpaka 57, Tektro R539 ni za saizi hiyo, na kama bado hazifiki kuna R559 za 55 mpaka 73. Angalia pia nati: fremu ya zamani inataka bolti ndefu yenye nati ya nje, ya kisasa ina nati inayozama ndani na tundu la nyuma la foku lazima liwe 8 mm. Kuna wanaotoboa. Mimi kwenye foku ya kudumu ningekwambia tafuta zenye nati ya nje, usitoboe kitu kinachobeba kifua chako ukishuka mlima.

Enzi zake, Mafac na Weinmann zile za kuvutwa katikati zinabana vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi ringi ni ya aluminiamu na pedi ni mpya. Usifunge pedi za miaka 40, raba yake imeshakuwa jiwe. Mchanganyiko unabana kwa nguvu ndogo ya kidole na unashika breki ukiwa umeegemea juu ya leva, kwa mtu anayeshuka Kitonga au Mai Mahiu katikati ya malori hilo sio jambo dogo. Ila leva na kalipa (breki yenyewe inayobana ringi) ziwe za kizazi kimoja, maana kiasi cha waya wanachovuta kinatofautiana. Gia moja yenye friwili inahitaji breki zote mbili, mbele na nyuma, na hii nasema kwa uzito wote kwa vijana wanaong'oa breki ya mbele ili baiskeli ionekane safi. Breki ya mbele ndo inayokusimamisha.

Spea zinazoisha

Hiki ndo kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote na ndo sababu ya kuandika. Baiskeli sio siku unayoimaliza kuifunga ukaipiga picha, ni mwaka wa pili cheni ikishavutika na friwili imeliwa. Jiulize hivyo vitu vinavyoisha, cheni, friwili au kaseti, pedi, waya, tairi, gololi, utavipata wapi ukiwa mahali unapoishi.

Kwa enzi zake, waya, gololi na cheni hamna shida, cheni ya gia 6, 7 na 8 ni ileile na ipo kila mahali. Krenki za pini nazo kila fundi wa mtaani anazijua kwa sababu ndo za Phoenix, ila nenda na pini ya zamani mkononi, za Kiingereza ni 9.5 mm za Kifaransa 9.0. Friwili za gia 6 na 7 mpya bado zinatengenezwa. Kinachokuwa kigumu ni vipande: raba za leva, kikombe cha katikati cha Kifaransa, skrubu ya direila ya chapa iliyokufa.

Kwa mchanganyiko kuna siri moja tamu sana. Shimano za gia 7, 8 na 9, isipokuwa Dura-Ace za zamani, direila ya nyuma ya resi na ya baiskeli ya mlimani zinavutwa kwa kiasi kilekile. Maana yake direila ya Altus, Acera au Deore iliyotoka kwenye baiskeli ya mlimani ya mtumba, ambazo Kariakoo na Gikomba zimejaa, inakubali kwenye shifta zako za resi za gia 8, na inameza kaseti kubwa. Kaseti ya gia 7 nayo inaingia kwenye habu ya gia 8 ukiweka spesa ya 4.5 mm. Direila ya mbele usichanganye, hiyo inagoma. Ndo maana nawaambia watu wabaki gia 8, wasipande 10 na 11, huko cheni ni nyembamba, kaseti ni za bei na ukiharibikiwa safarini fundi wa njiani hana cha kukusaidia. Udhaifu wa njia hii ni shifta zenyewe, za Shimano ni kama saa ndani, zikivunjika hazitengenezwi. Za mtumba zikigoma kushika usizitupe kwanza, mara nyingi ni grisi imekauka, zimiminie mafuta mepesi ya kusafishia uku unabonyeza mara mia, nyingi zinarudi.

Gia moja: cheni nene ya inchi 1/8, friwili ya BMX, basi. Spea zake zipo mpaka kijijini.

Pesa na fundi

Kwa ujumla gia moja ni rahisi kuliko zote, mchanganyiko unafuata ukinunua kwa akili, na enzi zake inaweza kuwa ya bei ndogo sana au ya kutisha kabisa kutegemea na jina. Kundi zima la Campagnolo kutoka Ulaya, ongeza usafiri na ushuru, linaweza kuizidi fremu mara kadhaa. SunTour ya mtumba unaipata imefungwa kwenye baiskeli ambayo muuzaji hajui ina nini, nunua baiskeli nzima, chukua unachotaka, uza mabaki. Njia hiyo nimeitumia mara mbili na ndo bora ninayoijua, kwa sababu spea zinakuja na bolti na spesa zake zote.

Njia yoyote utakayochukua, tenga hela ya vitu hivi: pedi mpya, waya na magamba yake, gololi na grisi mpya kila beringi, na usukani pamoja na shina lake kama vya zamani vina mikwaruzo mirefu au nyufa. Aluminiamu ya miaka 40 haipindi kukuonya, inakatika ghafla. Wenzetu wa Tanga, Zanzibar, Dar na Mombasa, chumvi ya hewa inakula fremu kwa ndani, ng'oa bomba la kiti, geuza fremu, mwaga kutu, pakaza mafuta ndani ya mabomba kabla hujafunga chochote. Na grisi kwenye bomba la kiti na shina la usukani kila mwaka, aluminiamu ikishagandana na chuma hapo utakata kwa msumeno.

Sura

Enzi zake ikikamilika ni nzuri mno, sitaki kudanganya, Peugeot yangu nikiiegesha wazee wanasimama wanaigusa. Mchanganyiko ukiufanya kwa spea za rangi ya fedha badala ya nyeusi na ringi za wasifu mfupi unakaa vizuri pia. Gia moja inaonyesha mistari ya fremu kuliko zote kwa sababu hamna kinachoiziba.

Ukiwa kwenye hali hii, nenda hivi

Fremu yako ni ya daraja la juu, stika ya Reynolds 531 au Columbus bado ipo, rangi ya kiwandani nzima, na una baiskeli nyingine ya kutembelea kila siku: nenda enzi zake, usikimbilie, kusanya kipande kimoja kimoja hata mwaka mzima, na usiitanue wala kuitoboa.

Unataka kuitumia kwenda kazini au safari ndefu za wikiendi, unakaa Arusha, Mbeya, Lushoto, Nairobi, Kigali, popote penye milima, na fremu ni ya Kijapani au Kiingereza ya kawaida: mchanganyiko wa gia 8, ringi 700C, breki za mkono mrefu. Kama hela ya shifta za leva haipo, funga kila kitu hichohicho lakini weka shifta za bomba la chini zisizo na kliki, utakuja kubadilisha baadae bila kugusa kingine.

Unakaa tambarare, hela ni kidogo, au ndo baiskeli yako ya kwanza kujenga na unataka kujifunza: gia moja, breki mbili, 42 kwa 17 au 18, na midomo iliyolala. Ukiwa na fremu ya 126 usitupe spea za direila ulizozikuta, ziweke kwenye boksi.

Wewe ni mzito au barabara yako ni ya vumbi na mashimo: kaseti au gia moja, friwili ya gia nyingi iache, na angalia kama fremu inapitisha tairi ya 28 mm au 32.

Una Mfaransa na vikombe vya katikati bado vizima: usivibadilishe, vifungue, osha, weka gololi mpya na grisi, uvirudishe, alafu amua mengine kutokana na krenki inayokubali ekseli hiyohiyo. Vikiwa vimekufa, piga kwanza bei ya katriji ya kujibana, na bei hiyo ndo ikwambie kama unaenda enzi zake au gia moja kabla hujanunua kitu kingine chochote.